Ndege kama punje ya mtama: ninunue lenzi kubwa au nihame hifadhi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Huku niliko baridi imeisha, majira ya kuchipua yameanza, na kuna hifadhi ndogo ya asili mwendo wa dakika ishirini kutoka ninapokaa: bwawa moja, kichaka, na kipande cha msitu. Jumamosi tatu mfululizo nimeizunguka yote na kamera yangu yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Nimerudi na picha zaidi ya 900. Katika nusu yake ndege ni kama punje ya mtama, katika nusu nyingine naona makalio yake tu akiruka zake. Ninunue lenzi kubwa, au hifadhi ndogo kama hizi hazina kitu na nitafute kubwa zaidi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hapo kwenye makalio nimecheka, maana hakuna mpiga picha wa ndege asiye na lundo la makalio mahali fulani kwenye diski yake. Mimi ninalo, na sithubutu kulihesabu. Lakini swali lako nimelisoma mara ya pili nikaona jibu umeliandika mwenyewe pasipo kujua. Umesema "nimeizunguka yote". Lenzi haina kosa, na hifadhi haina kosa. Kuzunguka ndiko kunakokuponza.

Nipe dakika moja ya hesabu. Ndege mdogo wa vichakani ana urefu wa sentimita 14 hivi. Akiwa umbali wa mita 20, na wewe umevuta lenzi hadi mwisho, milimita 300, taswira yake ndani ya kamera ina urefu wa milimita 2 tu. Kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, katika kamera nyingi za daraja la kati kina upana wa milimita 23 au 24. Yaani ndege wako amekalia chini ya sehemu moja ya kumi ya picha, zilizobaki ni matawi. Punje ya mtama, kama ulivyosema. Sasa tuseme umekopa, umenunua lenzi ya milimita 600. Taswira inakuwa milimita 4. Punje ya mahindi. Lakini ndege huyohuyo akiwa mita 5 kutoka kwako, lenzi uliyonayo sasa itamchora kwa milimita 8 na ushee, theluthi nzima ya upana wa picha. Kutoka mita 20 hadi mita 5 ni sawa na kuwa na lenzi ya milimita 1200, kitu ambacho wengi wetu tutakufa bila kukigusa.

Kwa hiyo unachopaswa kukipunguza ni umbali. Shida ni nani asogee. Ukisogea wewe, ndege anakuona mtu mrefu, mwenye miguu miwili, unayemkazia macho na kumjia moja kwa moja, mwenendo uleule wa mnyama anayewinda. Anaruka, nawe unapata makalio. Akisogea yeye, hajui hata kama kuna picha inapigwa.

Na hapa ndipo majira haya yanapokuwa zawadi. Wakati wa baridi ndege wengi wadogo huzurura kwa makundi wakitafuta chakula, leo hapa kesho kule. Siku zinapoanza kurefuka, mwanga huo wa ziada huamsha homoni mwilini mwao, na dume hubadilika tabia: anajitwalia eneo, anaimba kulitangaza, anamfukuza dume mwenzake atakayekanyaga mpaka. Kuanzia hapo ndege ana anwani. Ana vijiti vyake vitatu au vinne anavyopenda kuimbia, na anavizungukia kwa zamu kama mlinzi wa lindo. Ukishavijua vijiti hivyo, huna tena haja ya kumfuata. Unamtangulia.

Jumamosi ijayo, basi, kamera iache ndani ya mfuko. Najua inauma. Chukua daftari, penseli na darubini. Kama huna darubini, ya 8x42 inatosha mambo yote: hukuza mara nane, na lenzi zake za mbele zenye kipenyo cha milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha hata alfajiri. Fika nusu saa kabla ya jua. Chora ramani ya hovyo ya kipande kimoja tu cha hifadhi, tuseme ukingo wa bwawa pale linapokutana na kichaka, usizidi ukubwa wa uwanja wa mpira. Kisha keti. Kila ndege anapoimba, weka alama pale alipo, na saa. Asubuhi ya pili fanya vilevile, na ya tatu. Alama zitaanza kurundikana mahali palepale, na katikati ya marundo kutabaki uwazi: hiyo ndiyo mipaka kati ya jirani na jirani. Wataalamu wanaohesabu ndege hutumia njia hiyohiyo, kuchora maeneo yao kwenye ramani kwa ziara nyingi. Wewe unaitumia kujua pa kukaa.

Usidhani ni kazi ya kujifurahisha tu. Mwaka 1912 Mwingereza Julian Huxley, kijana wa miaka 24, alitumia likizo yake fupi ya majira ya kuchipua kwenye mabwawa ya Tring, kaskazini magharibi ya London, akiwatazama kibisi wenye kishungi, ndege wa majini wanaopiga mbizi. Wakati huo hao ndio kwanza walikuwa wanaanza kuongezeka tena, baada ya kuuawa mno kwa ajili ya manyoya yao yaliyopamba mavazi na kofia za wanawake. Huxley hakuwa na kifaa cha ajabu, alikuwa na darubini, daftari na muda. Aliona jinsi dume na jike wanavyotazamana, wanavyotikisa vichwa, kisha wanapiga mbizi, wanaibuka kila mmoja na magugu mdomoni, na kuinuka kifua kwa kifua juu ya maji kama watu wanaocheza muziki wa taratibu. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1914 bado yanasomwa na wanaochunguza tabia za wanyama. Bwana huyu baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Tring hapakuwa mbuga ya kusafiria wiki nzima. Ni mabwawa yaliyochimbwa kulishia maji mfereji wa mashua za mizigo.

Ukishapata vijiti vyako, chagua kimoja. Usichague kile anachokaa zaidi, chagua kile chenye mandharinyuma safi. Hapa wengi hukosea. Tunatazama ndege na kusahau kilicho nyuma yake, halafu nyumbani tunakuta kijiti cheupe kinamtoka sikioni. Tafuta kijiti ambacho nyuma yake kuna kivuli cha msitu, au maji, au nyasi zilizo mbali, mita 15 au 20 nyuma, ili zilainike zote kuwa rangi moja. Kisha jiulize jua litatokea wapi. Ndipo uchague pa kukaa.

Kaa chini. Mgongo uegemee shina la mti au kichaka, ili umbo lako la binadamu lipotee. Nguo za rangi ya udongo zinasaidia, lakini mimi naogopa zaidi koti linalopiga kelele: zile nailoni zinazochakacha kila ukiinua mkono. Simu izime sauti. Shata ya kamera, kile kilango kinachobofya ukipiga picha, pia, kama kamera yako ina mtindo wa kimya. Halafu usubiri dakika 20 bila kutazamia lolote. Ulipoingia, kila kiumbe kilikuona na kutoa taarifa kwa jirani yake, na utasikia kabisa ile milio mifupi mikali ya tahadhari. Inachukua muda eneo kurudi katika hali yake. Mtu anayetembea haioni hali hiyo hata mara moja, maana kila anapofika anafika na ile taarifa mbele yake. Jumamosi zako tatu uliona hifadhi iliyokimbia, ndugu yangu, hujaiona yenyewe.

Kama hifadhi yako ina kibanda cha kujificha, kitumie, ila usitoe mkono wala lenzi nzima nje ya dirisha. Kama haina, wavu wa kujifunika wenye rangi ya majani unatosha. Mkienda wawili kuna ujanja wa zamani: ingieni wote wawili mafichoni, kisha mmoja atoke na kwenda zake waziwazi. Ndege wengi wataona hatari imeondoka. Hesabu haziwapandi sana.

Nikikumbuka mambo ya kujificha siwezi kuwapita ndugu wawili wa Yorkshire, Uingereza, Richard na Cherry Kearton. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Baadaye waliona kwamba ndege hawaogopi ng'ombe malishoni, wakatengenezewa maksai wa ngozi mwenye tumbo tupu, mpiga picha akaingia ndani na kamera yake ya sanduku, lenzi ikachungulia kwa mbele. Mtu mzima, ndani ya ng'ombe, katikati ya malisho, akisubiri ndege atue. Na picha walizipata. Huyo Cherry ndiye aliyefika Kenya mwaka 1909 akapiga sinema za safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Kwa hiyo siku utakapojiona mjinga umejifunika wavu kwenye matope, kuna waliokutangulia kwa mbali.

Sasa kuhusu hifadhi ndogo "kutokuwa na kitu". Nikuonyeshe picha moja. Mwaka 2019 zawadi kuu ya mashindano ya picha ya Audubon, shirika la kuhifadhi ndege kule Marekani, ilichukuliwa na Kathrin Swoboda. Ndege wake hakuwa wa adimu: ni yule mweusi mwenye mabega mekundu, ambaye Amerika Kaskazini amejaa kila penye matete. Mahali pia pa kawaida, Huntley Meadows, bustani ya umma yenye kinamasi na njia ya mbao, huko Alexandria, Virginia. Alichokuwa nacho ni mazoea. Alikuwa akienda pale mara kwa mara asubuhi za baridi kuwapiga picha hao hao, kwa sababu alishajua jambo moja: ndege anapoimba kwenye baridi kali, pumzi yake hutoka kama moshi, na wakati mwingine hujiviringa kuwa pete.

Itazame jinsi ilivyopangwa. Jua linachomoza upande wa mashariki, naye ameelekeza kamera huko huko mashariki, kinyume na kila tulichofundishwa kuhusu kuweka jua mgongoni. Nyuma ya ndege kuna msitu ambao bado uko gizani. Mwanga unapita juu ya miti, unaikuta ile pumzi kwa nyuma, na kila tone dogo la mvuke linawaka. Mdomo wazi, pete za moshi zinaelea mbele yake. Ungekaa na jua mgongoni, ungepata picha safi ya ndege mweusi na pumzi usingeiona kabisa. Ungefika saa tatu asubuhi, hewa ingeshapata joto na pumzi isingeonekana kwa vyovyote. Na mtu aliyefika pale kwa mara ya kwanza asingejua amwelekee ndege yupi. Picha kama hiyo mpaka uwe umeshakosa nyingi mahali hapohapo ndipo unajua inapatikana wapi.

Wewe unaweza kuijaribu wiki hizi za mwanzo, kabla joto halijatulia. Unahitaji vitu vinne: asubuhi yenye baridi ya kuona pumzi yako mwenyewe, hewa tulivu, kijiti chenye giza nyuma, na jua chini mbele yako. Kamera itadanganyika na lile giza na kutaka kuing'arisha picha, kwa hiyo punguza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu.

Kwa kuwa tumegusa mipangilio, niimalize upesi, maana watu huipa uzito usio wake. Ndege aliyetulia akiimba, kasi ya shata 1/500 ya sekunde inatosha, kijiti kikiyumba panda 1/1000. Anayeruka, 1/2000 na kuendelea. Tundu la lenzi lifungue lote. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ipande hadi 1600 au 3200 alfajiri bila woga: picha yenye chengachenga unaweza kuisafisha, iliyotikisika huwezi. Fokasi iwe kwenye jicho, na jicho likiwa na nukta ya mwanga ndani yake, ndege anaonekana hai. Bata na ndege wa majini wapige ukiwa umelala kifudifudi, lenzi imelalia kimfuko cha nafaka, usawa wa macho yao. Ukisimama na kuwapiga kutoka juu, unapata picha ya mgongo na maji. Basi. Mengine utajifunza njiani.

Muhimu zaidi ni kujua wiki gani inatoa nini, kwa sababu majira haya hayakai. Nasema wiki bila kutaja tarehe, maana kaskazini mwa dunia ni Machi hadi Mei, kusini ni Septemba hadi Novemba, na kila mahali pana mwendo wake. Wiki za mwanzo miti bado haina majani. Hiyo ndiyo nafasi yako ya ndege wa msituni: kigogota anayegonga shina kavu kama ngoma, bundi, na wote wanaoimba juu ya miti. Unawasikia na unawaona. Majani yakishafunguka utawasikia tu, na hapo uhamie ukingoni mwa maji na kwenye nyasi. Watu wengi huanza kupiga picha pale maua yanapojaa na hali ya hewa ikawa nzuri, wakiwa wameshaikosa nusu bora.

Kisha wanafika wahamiaji. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, anatoka kusini mwa Sahara na kuvuka jangwa lote kuja kuzaa kwenye zizi au chini ya daraja. Zamani watu wa Ulaya hawakujua wanakokwenda. Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye tope la mabwawa msimu wote wa baridi. Mwaka 1822 karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, korongo mweupe aliuawa akiwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka nao mpaka Ulaya. Yupo hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Na mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Nikiwaona wa kwanza kila mwaka wakipita chini juu ya maji huwa naiweka kamera chini kwa dakika chache. Halafu naichukua tena, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kuwapiga: siku ya mawingu na upepo baridi, wadudu wanashuka karibu na maji na mbayuwayu wanawafuata, wakipita njia ileile tena na tena. Chagua njia moja, weka fokasi yako hapo, na ungoje. Utaharibu picha 200 upate mbili. Hiyo ni hesabu nzuri.

Mvua nayo usiikimbie. Wahamiaji wengi wadogo husafiri usiku, na mvua ikiwakuta alfajiri huwashusha popote palipo na kichaka. Kesho yake hifadhi ndogo inaweza kuwa na wageni ambao hawapo mwaka mzima.

Na usiku wa kwanza wenye joto kidogo na unyevu, vyura wanatembea. Wengi wao hurudi kwenye bwawa walikozaliwa, hata kama binadamu wamepitisha barabara katikati, na kuna sehemu za Ulaya watu hujitolea kuwabeba kwa ndoo kuwavusha. Wapige picha majini, kamera karibu igusane na uso wa maji. Usihamishe mayai yao wala viluwiluwi kutoka bwawa hadi bwawa, kwa sababu kuna kuvu wanaoua vyura na unaweza kuwasafirisha bila kujua. Sungura wa mashambani ukiwaona wamesimama kwa miguu ya nyuma wakipigana makonde, usidhani ni madume wawili wanaogombea. Mara nyingi ni jike anamwambia dume bado.

Nije kwenye viota, na hapa naomba unisikilize kama mdogo wangu. Mwaka wangu wa pili na kamera nilikuta kiota kwenye kichaka, mayai manne ya buluu. Tawi moja lilikuwa linaziba mwanga. Sikulikata, nililipinda tu kidogo, nikalifunga kwa uzi, nikapiga picha zangu nane, nikalifungua, nikaondoka nimeridhika kwamba nimekuwa mstaarabu. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu. Tawi halikurudi sawasawa, na njia niliyoikanyaga kwenye nyasi ilielekea pale moja kwa moja kama mshale. Kunguru wanaona. Picha zile nilizifuta.

Kwa hiyo kiota kikae mbali na mipango yako kabisa. Mahali pengine ni sheria pia: Uingereza, kwa mfano, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa kumsumbua kwa makusudi au kwa uzembe mdiria, bundi wa ghalani na ndege wengine walioorodheshwa wakiwa kwenye kiota au karibu nacho. Ulizia taratibu za hapo ulipo kabla ya kuingia. Lakini hata pasipo sheria, ndege mwenyewe atakuambia. Ukimwona amekaa kijitini na chakula mdomoni, viwavi wananing'inia, anageuka huku na huku, analia mlio mfupi uleule na hashuki, jua kwamba umekaa kati yake na makinda wake. Anakusubiri uondoke. Kila dakika unayokaa ni mlo mmoja haujafika. Usipige hata picha moja, inuka, rudi nyuma mita 30, uone kama atashuka. Vilevile ndege wa ufukoni akianza kujikokota mbele yako kana kwamba bawa limevunjika, halijavunjika. Anakuvuta utoke kwenye mayai yake, na huenda mguu wako uko hatua moja nayo. Simama, tazama chini, rudi kwa nyayo zako ulizokuja nazo.

Usimpigie dume wimbo wa ndege mwenzake kwenye simu ili ajitokeze. Atajitokeza, ndiyo, maana anadhani amevamiwa. Anaacha kula, anaacha kulinda, anapigana na kivuli. Kinda utakayemkuta chini ana manyoya, anarukaruka, hajapotea, wazazi wake wako karibu wanamlisha. Na mtoto wa kulungu aliyelala peke yake kwenye nyasi mama yake hajamtupa, amemficha. Usimguse. Ukiweka picha za ndege adimu mtandaoni, ondoa kwanza taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili. Wapo wanaoiba mayai, na hao hawahitaji msaada wetu.

Jambo dogo la mwili: kupe. Majira haya wanaamka pamoja na wengine, na wewe utakuwa unalala kwenye nyasi. Baadhi yao katika nchi za baridi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kabla hujafungua kompyuta kuangalia picha. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala usimchome. Ukiona duara jekundu linapanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Kuhusu lenzi: fedha ziweke kwanza. Piga msimu huu wote kwa hiyo uliyonayo, sehemu moja, ndege mmoja au wawili. Ukifika mwisho, angalia picha zako bora kumi na ujiulize ni kipi hasa kilichopungua. Kama ni urefu wa lenzi, utakuwa unajua ni milimita ngapi, na unazitaka kwa ndege yupi, kwenye kijiti kipi. Mara nyingi utagundua kilichopungua ni kimfuko cha nafaka cha kuegemezea, au saa moja ya usingizi uliyoing'ang'ania.

Ukiwa umeshazoea, mwisho wa msimu utaona mwenyewe mambo yanavyopoa. Makinda wametoka, nyimbo zinapungua wiki hadi wiki, kisha asubuhi moja yule dume wako hayupo kwenye kijiti. Hajafa. Anabadilisha manyoya, amejificha, hana tena mpaka wa kulinda. Andika tarehe hiyo kwenye daftari, chini ya ile ya siku ya kwanza ulipomsikia, ili mwakani ujue una wiki ngapi naye.